Mizizi na mionzi: kipi kiende pamoja na tiba ya saratani, kipi kikae kando

Mwaka 2011 barabara ya vumbi iendayo kijiji cha Samunge, Loliondo, ilifungwa na foleni ya magari yaliyobeba wagonjwa. Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alimpa kila mtu kikombe kimoja kwa shilingi 500. Ndani yake mlikuwa na maji ya mizizi ya mti uitwao mugariga, na walioyanywa walikuwa na kisukari, VVU, pumu, saratani. Wataalamu wa serikali waliipima dawa ile wakasema ni salama kunywa kwa kipimo kile. Madhara hayakutoka kikombeni. Yaliwapata waliorudi nyumbani wakiamini wamepona, wakaacha vidonge vyao, wasionekane tena kliniki.

Familia ya mgonjwa wa saratani kwa kawaida huuliza: "Hii dawa ya mizizi ina sumu?" Ni swali la maana, lakini ni la tatu kwa uzito. La kwanza ni kama dawa hiyo itamchelewesha mgonjwa. La pili ni kama itagongana mwilini na dawa nyingine anazopewa. Kitu kisicho na sumu hata chembe kinaweza kumwangusha mtu kwa njia hizo mbili za mwanzo.

Lugha nayo imechangia mkanganyiko. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza linaloisimamia. Humo tiba asili ni ile ya jadi yetu, na tiba mbadala ni mifumo mingine iliyo nje ya hospitali za kawaida, kama akupancha (tiba ya kuchomwa sindano nyembamba) na homeopathi (dawa zilizozimuliwa mno). Lakini masikioni mwa mtu wa mtaani, mbadala ni kitu kinachoshika nafasi ya kingine, kama mchezaji anayetoka benchi. Madaktari wa saratani hutenganisha hivi: tiba saidizi huenda sambamba na matibabu ya hospitali, tiba mbadala huyaondoa na kukaa mahali pake. Tangawizi inayotuliza kichefuchefu siku ya dripu ya dawa za saratani ni saidizi. Tangawizi hiyohiyo ikinywewa badala ya dripu imekuwa mbadala. Mmea haukubadilika, nafasi yake ndiyo imebadilika. Na cheti cha usajili kilichotundikwa ukutani kwa mganga kinamtambulisha yeye na kazi yake. Hakithibitishi kwamba chupa iliyo rafuni inaponya saratani.

Hasara ya kuchelewa

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 281 waliochagua tiba mbadala peke yake, ingawa saratani zao zilikuwa hazijasambaa na zilikuwa na matibabu yanayojulikana. Walilinganishwa na wenzao wa umri na hatua ileile ya ugonjwa waliotibiwa hospitali. Kwa jumla hatari ya kufa ilikuwa mara 2.5 zaidi. Kwa saratani ya matiti ilizidi mara 5, na kwa utumbo mpana ilizidi mara 4.

Utafiti wao wa pili, wa mwaka huohuo, unafundisha zaidi ingawa hautajwi sana. Safari hii waliwaangalia wagonjwa 258 waliokubali angalau sehemu ya matibabu ya hospitali na kuongeza tiba saidizi juu yake. Hao pia walikufa kwa kiwango cha mara mbili ya wenzao. Kwa nini? Wengi wao walikuwa wamekataa kipande fulani cha matibabu: mmoja amekataa upasuaji, mwingine mionzi, mwingine vidonge vya homoni. Watafiti walipokipigia hesabu kile kilichokataliwa, tofauti ya vifo ikatoweka. Yaani walichoongeza hakikuwa na uzito wa kile walichoacha.

Chukua saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Ikiwa imevuka hatua ya upasuaji, hutibiwa kwa mionzi ya nje kwa wiki kama tano, pamoja na dripu ya sisplatini kila wiki, kisha mionzi ya ndani. Kazi yote inatakiwa iishe ndani ya siku 56. Sababu ni ya kibaolojia: seli za uvimbe zilizonusurika hujibu mionzi kwa kuzaliana haraka, na kila siku inayopita baada ya hapo inampa mgonjwa nafasi ndogo zaidi ya kupona. Mgonjwa anayeondoka wiki ya tatu "kwenda kujaribu kwanza dawa ya kijijini", akarudi baada ya mwezi, haendelei alipoishia. Mionzi aliyokwisha kupokea haifutiki, na mwili una kikomo cha mionzi unayoweza kubeba, kwa hiyo daktari hawezi kuanza upya kana kwamba hakuna kilichofanyika.

Kinachomezwa

Hapa ndipo penye utata wa kweli. Dawa nyingi za saratani huchakatwa na vimeng'enya vya ini, na kimoja kinachofanya kazi kubwa huitwa CYP3A4. Mimea mingine hukichochea, dawa ikaondolewa mwilini kabla haijamaliza kazi. Mingine hukizuia, dawa ikarundikana mpaka ikawa sumu. Mfano uliopimwa vizuri ni ua la manjano la Ulaya liitwalo Hypericum perforatum, ambalo huuzwa kwenye vidonge vya kuondoa huzuni, hasa kwa njia ya mtandao. Kwa wagonjwa waliopewa irinotekani, dawa ya saratani ya utumbo, ua hilo lilipunguza kwa asilimia 42 kiasi cha kiini kinachofanya kazi kwenye damu. Mgonjwa alichomwa dozi kamili, mwili ukapata kama nusu. Balungi hufanya kinyume: huzuia kimeng'enya hichohicho, na ndiyo maana wauguzi hulikataza kwa wanaotumia baadhi ya dawa za vidonge.

Kosa linalofanywa na watu makini kabisa ni kutenganisha saa: dawa ya hospitali asubuhi, mizizi jioni. Hilo linasaidia pale tu vitu viwili vinapogongana tumboni. Vikigongana kwenye ini halisaidii kitu, kwa sababu kimeng'enya kilichochochewa hubaki na kasi yake kwa siku kadhaa, hata wiki mbili, baada ya kuacha mmea.

Manjano ni suala la kipimo. Kijiko kwenye sufuria ya pilau si tatizo kwa mtu yeyote. Lakini kapsuli za kukumini ni kitu kingine. Wanawake waliokuwa kwenye tamoksifeni, kidonge cha homoni cha saratani ya matiti, walipopewa gramu 3.6 za kukumini kwa siku pamoja na kiini cha pilipili manga, kiwango cha endoksifeni, umbo ambalo tamoksifeni hugeukia mwilini ndipo ifanye kazi, kilishuka kwa asilimia kama 12. Pilipili manga huongezwa kwenye kapsuli hizo makusudi ili mwili ufyonze zaidi, na hapo ndipo hatari inapokua. Zipo pia taarifa za watu walioumia ini kwa kapsuli za aina hiyo. Kanuni yake inafaa kwa habbat soda, kitunguu saumu, mlonge na soya: kiasi cha jikoni ni chakula, kiasi cha kapsuli na chupa ni dawa, na dawa lazima daktari aijue.

Figo na ini vina hadithi yao. Sisplatini ni kali kwa figo, ndiyo maana mgonjwa huongezewa maji mengi ya dripu siku hiyo. Akiongeza mchanganyiko wa mizizi unaoharisha, atapungukiwa maji na figo zitabeba mzigo mara mbili. Kwa ini mambo hujificha zaidi. Vipimo vya damu kabla ya dozi vikionyesha ini limechokozwa, daktari ana washukiwa watatu: dripu, saratani iliyofika kwenye ini, au dawa asiyoambiwa. Asipojua la tatu, atapunguza dozi au kuiahirisha, na pengine kuagiza picha za gharama. Mgonjwa aliyeficha chupa ya mizizi analipa kwa tiba iliyopunguzwa nguvu. Anayetumia ARV ana hesabu ya tatu, maana nazo hupita kwenye ini hilohilo.

Halafu kuna damu yenyewe. Kwa dripu nyingi za kila baada ya wiki tatu, chembe nyeupe hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Siku hizo maji ya mizizi yaliyolala kwenye dumu, au juisi ya majani mabichi yaliyotwangwa bila kuchemshwa, yanaweza kuingiza bakteria ambao mwili wenye afya ungewamaliza bila hata mtu kujua. Joto la mwili likifika nyuzi 38, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Usianze na paracetamoli ili kuona kama homa itapoa. Itapoa kweli, na maambukizi yataendelea chini kwa chini.

Kwa sababu hiyohiyo hijama ya kuchanja na chale za kupaka dawa hazifai kipindi cha dripu. Chembe sahani zikiwa chache damu haigandi, na kila chale ni mlango. Kuumika damu kwa pembe ni jambo la zamani mno pwani (msemo wa "kupiga chuku" umetoka kwenye pembe hiyohiyo), lakini wakati wake si huu. Wanaojiandaa kwa upasuaji waache wiki mbili kabla kapsuli za kitunguu saumu, tangawizi, ginko na mafuta ya samaki, kwa sababu huenda zikaongeza kuvuja damu. Daktari wa usingizi aambiwe hata kama zimekwisha kuachwa.

Chupa zisizo na lebo zina ujanja wa pekee. Dawa zinazouzwa kama za mitishamba zimewahi kukutwa, katika nchi mbalimbali, zimechanganywa na deksamethasoni, steroidi ya kawaida ya hospitali. Dalili yake ni nafuu ya haraka mno: ndani ya siku chache hamu ya kula inarudi, maumivu yanapungua, uso unanawiri. Hapo ushuhuda hutolewa. Baada ya wiki kadhaa uso unavimba na kuwa mviringo, sukari inapanda, kinga inashuka, na uvimbe uko palepale au umekua. Anayeshuku hivyo asiikate ghafla kama ameitumia kwa wiki nyingi, bali aipeleke hospitali na chupa yake, kwani mwili uliozoea steroidi unaweza kuzimia ukinyimwa kwa mkupuo.

Mstafeli, na ile hoja ya maabara

Majani ya mstafeli huenda ndiyo yanayosambazwa zaidi kwenye makundi ya WhatsApp. Ujumbe husema yamethibitishwa kuua seli za saratani, na kwa namna fulani si uongo: kwenye kisahani cha maabara huziua. Jiki nayo huziua. Kazi ngumu ni kuua seli hizo ndani ya mtu, kwa kipimo ambacho mtu mwenyewe hafi, na kwa mstafeli hakuna jaribio la wagonjwa lililoonyesha hivyo. Kinachojulikana ni kwamba una anonasini, kemikali inayodhuru neva. Kisiwani Guadeloupe, katika bahari ya Karibi, ambako watu hula matunda na kunywa majani ya jamii hiyo kwa wingi, madaktari waliandika mwaka 1999 kuhusu ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson, wakauhusisha na ulaji huo. Stafeli moja mezani halina neno. Chai yake kila siku kwa miezi ni jambo jingine.

Hii haimaanishi miti haina kitu. Vinkristini, dawa ya leukemia za watoto, imetoka kwenye ua la Madagaska ambalo wengi wamelipanda barazani bila kulijua. Lakini huhitajika mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja, na mtoto hupewa miligramu 1.5 kwa kila mita ya mraba ya mwili wake, isizidi 2. Ikizidi kidogo huharibu neva. Anayechemsha majani ya ua hilo nyumbani hawezi kujua kama kikombe chake kina robo ya dozi au mara tatu yake. Kuna pia "vitamini B17" ya kokwa za aprikoti, ambayo si vitamini: ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 178, matokeo yakatoka mwaka 1982, haikumponya hata mmoja, na baadhi walikuwa na dalili za sumu ya sianidi.

Kinachosaidia

Tiba saidizi zilizo na ushahidi haziahidi kuondoa uvimbe. Huahidi mambo madogo, na mara nyingi hutimiza: kupunguza kichefuchefu, uchovu, maumivu ya viungo, hofu, kukosa usingizi.

Tangawizi ilijaribiwa kwa wagonjwa 576 waliokuwa pia wakipewa dawa za kawaida za kuzuia kutapika. Nusu gramu hadi gramu moja ya unga kwa siku, kuanzia siku tatu kabla ya dripu kwa siku sita, ilipunguza kichefuchefu cha siku ya kwanza. Nusu gramu ni kama robo ya kijiko cha chai, na zaidi ya gramu moja haikuleta faida ya ziada. Dawa ya kutapika isiachwe. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwanza.

Kubonyeza mkono hakugharimu chochote. Laza vidole vitatu vya mkono mwingine upande wa ndani wa mkono, kuanzia mkunjo wa kiganja kuelekea kwenye kiwiko. Mahali vinapoishia, katikati ya kano mbili unazozihisi, bonyeza kwa dole gumba kwa dakika 2 hadi 3 ukizungusha polepole, kisha hamia mkono wa pili. Akupancha ya sindano ina ushahidi mzuri kwa maumivu ya viungo yaletwayo na vidonge vya homoni vya saratani ya matiti. Sindano ziwe mpya, chembe za damu ziwe zimepimwa, na mkono wa upande ulioondolewa tezi za kwapani usiguswe.

Mazoezi ndiyo yenye ushahidi mkubwa kuliko yote dhidi ya uchovu wa saratani, na ndiyo ambayo ndugu huyakataza kwa huruma. "Pumzika mama, utachoka." Kipimo kilichokubaliwa na wataalamu mwaka 2019 ni kutembea kwa kasi ya kati, dakika 30, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 8 hadi 12, na kuongeza mazoezi ya misuli mara mbili kwa wiki. Anayeanza akiwa dhaifu agawe: dakika 5 mara tatu kwa siku. Kasi ya kati ni ile ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Saratani ikiwa imefika kwenye mifupa, daktari aseme kwanza mifupa ipi isibebe uzito.

Kukandwa kwa mikono laini hutuliza hofu na maumivu. Usikandwe juu ya uvimbe, juu ya ngozi inayopigwa mionzi, wala mguu mmoja uliovimba na kuuma ghafla, kwa sababu huenda damu imeganda humo na donge likasafiri hadi mapafuni. Ngozi ya mionzi haitaki majivu, dawa ya meno wala mafuta ya kuchua. Mafuta laini yasiyo na manukato yanatosha, na alama za wino zilizochorwa kuelekeza mionzi zisifutwe. Vidonda vya mdomoni husukutuliwa kila baada ya saa chache kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti ya soda. Si magadi ya maharage.

Sala, dua na maombi hayagombani na dripu yoyote. Yanagombana pale tu kiongozi anaposema kuendelea na dawa ni kukosa imani. Kwenye Ramadhani, mgonjwa aliye kwenye sisplatini ana ruhusa ya kutofunga kwa ugonjwa wake, na aitumie. Figo zake zinahitaji maji ya mchana. Tahadhari hiyohiyo ya lishe inahusu mifungo ya juisi na kuacha nafaka "ili kuinyima saratani sukari": kinachokonda ni mgonjwa, na mgonjwa aliyekonda sana huvumilia dozi chache.

Ushuhuda una mashimo

Kabla ya kuamini simulizi ya aliyepona, uliza kama kinyama kilikatwa na kupimwa. Kwa Kiswahili "uvimbe" ni fibroidi, ni jipu, ni saratani, na uvimbe wa matiti wa wasichana wengi si saratani kabisa. Uliza pia kama alifanyiwa upasuaji kabla. Mwanamke aliyekatwa uvimbe wote na kisha akanywa mwarobaini miaka mitano hana njia ya kujua kipi kilimponya, lakini kisu kina madai ya kwanza. Na waliokufa hawatoi ushuhuda redioni.

Namna ya kusema hospitali, na namna ya kurudi

Wagonjwa hunyamaza kwa kuogopa kufokewa, na wengine wamewahi kufokewa kweli, jambo linalowafanya wanyamaze zaidi. Njia rahisi ni kuandika kwenye karatasi kabla ya kuingia: jina la mmea kwa lugha unayoijua, sehemu iliyotumika (jani, gome, mzizi), kiasi kwa siku, tangu lini, kwa ajili ya nini. Piga picha mmea au beba chupa. Usiulize "naruhusiwa?", maana jibu rahisi ni hapana. Uliza: "Dawa zangu hupita kwenye ini au figo? Siku zipi damu yangu iko chini? Nikiacha leo, nisubiri muda gani kabla ya dozi?" Muuguzi wa dripu au mfamasia mara nyingi ana dakika tano ambazo daktari hana.

Aliyeondoka hospitali miezi mitatu iliyopita akawa kwa mganga bado ana pa kurudi. Aende na kadi yenye namba ya faili, jibu la kinyama, na picha za zamani. Vipande vya kinyama huhifadhiwa maabara ndani ya nta, kwa hiyo huenda asihitaji kukatwa tena. Picha za CT au ultrasaundi pamoja na vipimo vya damu vitarudiwa, kwa sababu hatua ya ugonjwa ya miezi mitatu nyuma si ya leo. Dawa zote za kumeza za nje azitaje na aziache mpaka vipimo vya ini na figo vitoke. Na kama ugonjwa umeshavuka kuponyeka, bado kuna morfini ya maji ya kunywa kwa maumivu, dawa ya kulainisha choo inayokwenda nayo, na vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa vya kunyunyiza kwenye kidonda kinachonuka, ili wajukuu waweze kukaa karibu na kitanda.